Hata mkatili anastahili kufikishwa kwa hakimu

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa chama)



Nimepewa mada ya Bunge na usimamizi wa Serikali. Naomba nianzie mbali, Ufilipino, halafu tutarudi nyumbani.

Tarehe 11 Machi 2025, Rodrigo Duterte, rais mstaafu wa nchi ile, alitua Manila akitokea Hong Kong. Akakamatwa palepale uwanja wa ndege kwa hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC. Usiku uleule akapandishwa ndege kwenda The Hague.

Niwe mkweli: nilishangilia. Huyu anatuhumiwa kwa mauaji ya kile alichokiita vita dhidi ya dawa za kulevya. Kwa takwimu za Serikali yao wenyewe, operesheni za polisi ziliua watu zaidi ya 6,000. Wengi walikuwa makabwela, walipigwa risasi bila kumwona hakimu.

Lakini siku tisa baadaye Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti yao ikawaita wakubwa wa Serikali na polisi waje wajieleze. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Seneta Imee Marcos. Unajua ni nani? Dada wa Rais aliyepo madarakani!

Maswali yalikuwa ya msingi. Nchi ilishajitoa ICC mwaka 2019, sasa hati hii mnaitekeleza kwa sheria gani? Kwa nini hakupelekwa kwanza mbele ya hakimu wa hapa nchini? Serikali ikajibu kwamba ipo sheria yao ya mwaka 2009 inayoruhusu kumkabidhi mtuhumiwa kwa mahakama ya kimataifa. Kikao cha tarehe 3 Aprili maofisa hawakutokea, wakasema mengine ni siri za Rais na wasaidizi wake. Seneti ikatoa wito rasmi, na tarehe 10 Aprili wakaja.

Tusidanganyane, siasa ilikuwepo. Uchaguzi ulikuwa Mei, seneta mwenyewe alikuwa mgombea, na wafuasi wa Duterte wana kura. Lakini swali zuri halibadiliki kuwa baya kwa sababu ya anayeuliza. Na kuuliza hakukumtoa mtu mahabusu. Kina mama waliozika watoto wao wana haki ya kuiona kesi ile ikisikilizwa, tena kesi safi, isiyo na upenyo wa mtu kuchomokea.

Mimi nimewahi kulala rumande siku mbili kwenye kituo kimoja, bila kuambiwa kosa langu. Pale ndani hakuna aliyekuwa na haja ya kuniuliza mimi ni mtu mzuri au mbaya. Nilichohitaji ni mtu wa nje mwenye mamlaka ya kuuliza: huyu yuko hapa kwa sheria ipi?

Makamanda, mtu huyo kwetu tunaye kwenye karatasi. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na mbunge anaweza kumuuliza waziri swali lolote la umma lililo ndani ya wajibu wake. Kazi yetu ni kudai madaraka hayo yatumike, hata pale aliyekamatwa ni mtu tusiyempenda.

Kwa hiyo ukisikia kiongozi wa upande ule kakamatwa, kabla hujapiga vigelegele uliza maswali matatu: nani katoa hati? Kwa sheria ipi? Kafikishwa lini kwa hakimu? Ukizoea kuyauliza kwa adui yako, siku ukija kukamatwa wewe hayatakuwa mageni masikioni mwa watu.