Kiwanja cha Parokia ni Shule ya Mwili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakristu na wageni, katika siku za yubile ya parokia)



Komite ya yubile imeniomba niseme machache juu ya mwili wa mtu: namna unavyojifunza kazi zake, namna unavyolinda afya, na namna jamii inavyousaidia ama inavyouzuia. Pengine mmoja atauliza: katika siku za kumshukuru Mungu, mbona tuseme juu ya mipira na mbio? Namjibu hivi: sisi tunakiri ufufuko wa mwili, wala si uzima wa roho peke yake. Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorinto aliwatolea mkimbiaji wa uwanjani kuwa mfano, na katika barua ile ile aliuita mwili wa mkristu hekalu. Basi neno hili si geni katika nyumba yetu.

Wala si geni katika historia ya Kanisa la Kongo. Padri Raphaël de la Kéthulle, wa shirika la Scheut, alifika Kinshasa, iliyoitwa siku zile Léopoldville, mwaka 1917. Alifungua masomo, akaanzisha vyama vya michezo, akajenga viwanja. Watu walimwita Tata Raphaël, na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 unaitwa leo kwa jina lake. Ndipo Muhammad Ali alipopigana ngumi na George Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974. Huko Katanga, Wabenedikto walianzisha kundi la mpira mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa masomo yao ya Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kundi lile ndilo TP Mazembe, lililotwaa ubingwa wa Afrika mara tano: mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Yote yalianza na mapadri, vijana na kiwanja kitupu.

Lakini tuseme na upande wa pili. Katika siku za ukoloni, wakubwa walipenda michezo pia kwa sababu iliwaweka vijana chini ya utaratibu na kuwatenga na mambo ya siasa. Tena kiwanja kilikuwa cha wavulana. Wasichana walisimama pembeni wakipiga makofi. Urithi tulioupokea ni mwema, ila haukukamilika. Nami nitarudi kwenye neno hilo.

Kwanza, tuone namna mwili unavyojifunza.

Mtazameni kijana wa chukudu, anayeshusha mizigo katika vilima vyetu vya Kivu ya Kaskazini. Chombo chake ni cha mbao, chenye magurudumu mawili, na chaweza kubeba mamia ya kilo: viazi, makaa, magunia ya maharagwe. Kwenye tambarare anaweka goti moja juu ya ubao, na kwa mguu mwingine anasukuma ardhi. Kwenye mteremko anasimama, anaegemea upande wa kona, anapima mwendo, na kuzuia gurudumu kwa mguu kabla mzigo haujamshinda. Ni nani aliyemwandikia haya? Hakuna kitabu. Alianza akiwa mtoto, juu ya chukudu ndogo isiyo na mzigo. Akaanguka, akainuka, akamtazama mkubwa wake, akajaribu tena. Baadaye alipewa nusu ya mzigo, na mwishoni mzigo mzima.

Wataalamu wawili wa Marekani, Paul Fitts na Michael Posner, waliandika mwaka 1967 kwamba ufundi wa namna hii unapita hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, mtu anafikiri juu ya kila tendo, na makosa ni mengi. Katika ya pili, makosa yanapungua, na matendo yanaanza kushikamana. Katika ya tatu, mwili unatenda wenyewe, na akili inakuwa huru kuangalia mambo mengine. Kijana wa chukudu aliyefika hatua ya tatu anaweza kuongea na mwenzake huku akishuka. Anayeanza hawezi, akiongea, anaanguka.

Ndani ya kichwa, upande wa nyuma, kuna sehemu tunayoiita ubongo mdogo. Kazi yake moja ni kulinganisha tendo lililokusudiwa na tendo lililotokea, na kusahihisha tofauti. Kwa hiyo kosa si aibu. Kosa ndilo chakula cha kujifunza. Mtoto anayechekwa kila anapokosa huacha kujaribu, na asiyejaribu hapati cha kusahihisha. Enyi waalimu na wazazi, tulishike neno hilo.

Tena mapumziko ni sehemu ya kazi. Huko Uingereza, wafanyakazi wa posta walifundishwa kupiga mashine ya kuandika. Kundi moja lilijifunza saa moja kila siku, kundi lingine saa nne kila siku. Habari zilizotangazwa mwaka 1978 zilionyesha kwamba wale wa saa moja walihitaji jumla ya saa chache zaidi ili kufikia ustadi ule ule, ingawa siku zao zilikuwa nyingi. Usingizi nao unasaidia kuimarisha ndani ya ubongo yale tuliyojifunza mchana. Basi kiwanja kinachofunguliwa saa moja kila siku kinafundisha kuliko sikukuu moja kubwa ya michezo kwa mwaka.

Pili, tuone faida kwa afya.

Mwaka 1953, mganga Jerry Morris na wenzake walitoa habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa huko London. Dereva alikaa kitini kutwa. Mkata tiketi alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Wakaona kwamba wakata tiketi walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefuata, nao umethibitisha kwamba mwendo wa mwili unasaidia kukinga ugonjwa wa moyo, tansio, ugonjwa wa sukari na huzuni ya kudumu.

Shirika la Afya la Ulimwengu liliagiza hivi mwaka 2020: mtu mzima afanye mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku, na wazee wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kila juma, ili wasianguke. Mambo haya hayaombi mashine wala pesa. Yanaomba mahali na desturi.

Lakini hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa maana kuna hatari ya kudanganyika. Mama wa Kivu anayepanda kilima na mzigo mgongoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso, hahitaji mtu wa kumwambia aongeze mwendo. Kazi nzito isiyo na kipimo, isiyo na pumziko, yavunja mgongo na shingo. Hailindi afya kama mchezo uliochaguliwa kwa furaha. Kwa mama huyo, haki ya kwanza ni kupunguziwa mzigo: mume na vijana wa kiume washike sehemu yao. Haki ya pili ni kupata saa ya kucheza, kuimba na kunyoosha viungo pamoja na wenzake. Tusimhubirie michezo huku tukimwachia magunia.

Tatu, tuulize: ni nani aliyeachwa nje ya kiwanja?

Wa kwanza ni wasichana. Uchunguzi wa Shirika la Afya la Ulimwengu ulionyesha kwamba mwaka 2016, katika vijana wa masomo wenye miaka 11 hadi 17, wavulana 78 kwa mia hawakufikia kipimo cha kila siku, na wasichana 85 kwa mia. Msichana anapotoka masomoni, maji na jikoni vinamngojea. Na bado tunamjua huyu mtoto anayeruka kamba asikose hata mara moja, na anayecheza nzango kwa miguu myepesi, akisoma tendo la mwenzake kabla halijatokea. Ufundi anao; mahali hana.

Wa pili ni watoto waliokimbia vita. Wengi wamefika mijini kutoka vijiji vyenye mashamba na mito, na sasa wanakaa familia nzima katika chumba kimoja, ama chini ya hema. Mtoto asiyeweza kukimbia bila kumkanyaga jirani anapoteza zaidi ya mchezo. Mpira wa majani makavu ya mgomba, ukichezwa kati ya mtoto wa mji na mtoto mgeni, unawafundisha kungoja zamu, kukubali kushindwa, na kuitana kwa majina.

Wa tatu ni wenye kilema. Mtoto ambaye polio ilimdhoofisha mguu anajifunza kwa njia ile ile ya wengine: hatua ndogo, kurudia, kosa, sahihisho, pumziko. Mikongojo ni ufundi. Baiskeli ya mikono ni ufundi. Tukimficha nyumbani kwa huruma, tunamnyima masomo yake.

Wa nne ni wazee wetu. Mzee anayekaa kitini tangu Misa ya asubuhi hadi jioni anapoteza nguvu za miguu, kisha anaogopa kuanguka, na kwa ajili ya woga anazidi kukaa. Kusimama kwa mguu mmoja huku akishika ukuta, kuinuka kitini mara kumi bila kutumia mikono, kuzunguka kiwanja na mwenzake wakisimulia: hayo yanatosha kuwa mwanzo.

Sasa nafika kwenye neno ambalo wote mmelisikia. Baraza la parokia limeletewa shauri la kukizungushia ukuta kiwanja chetu, na kukipangisha kwa wafanyabiashara wajenge depo na mahali pa kuweka magari. Sitaki kuwalaumu walioleta shauri hilo. Paa la kanisa linavuja, waalimu wanangoja msaada, na sahani ya Dominika haitoshi. Haja hizo ni za kweli. Lakini nawaomba mpime. Pesa za depo zitahesabiwa kila mwezi, na kila mtu ataziona. Hasara ya kiwanja haitaandikwa katika daftari lolote: itaonekana baada ya miaka mingi, katika miguu ya wazee, katika tansio ya akina baba, katika vijana waliokosa mahali pa kupimana nguvu isipokuwa barabarani. Na kiwanja kikijengwa, hatutapata kingine katikati ya mji huu.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu mbele ya Baba Paroko na baraza. La kwanza: vyumba vya biashara vijengwe upande wa barabara tu, mahali ambapo hakuna anayecheza, na kiwanja chenyewe kibaki wazi. La pili: siku mbili za juma, saa za alasiri, kiwanja kiwe cha wasichana na akina mama, na wavulana siku hizo wachote maji. La tatu: kila shirika litoe mtu mmoja wa kuwasimamia wazee baada ya Misa ya asubuhi, na mmoja wa kuwaleta watoto wenye kilema, vijana wa Xaveri na wa Kiro wawe waalimu wa wadogo wao.

Waliotutangulia walipopima ardhi ya misioni, waliweka kanisa, masomo na zahanati, na karibu yake wakaacha uwanja mtupu. Haukuwa mtupu kwa kusahau. Waliuacha ili miili yetu ipate mahali pa kujifunza. Tukiwa tunashukuru kwa miaka iliyopita, tuwaachie watoto mahali pale pale.

Mungu aibariki parokia yetu, roho na miili ya watu wake wote.