Kiatu Kinashika, Goti Linalipa
(Maongezi mbele ya wanamemba, Baraka)



Ndugu zetu waliotoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani wanatutumia picha za theluji. Kuna watu huko wanaoteleza mlimani juu ya mbao mbili ndefu, zimefungwa kwenye viatu. Mtu akianguka, ubao unageuka, mguu unaufuata, mfupa unavunjika. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyeishi Oregon, alivunjika mguu hivyo. Akatengeneza kishikizo kinachoachia kiatu mtu anapoanguka. Leo fundi hukikaza kwa kuangalia uzito, urefu, umri na ujuzi wa mtu. Kuvunjika muundi kumepungua sana. Lakini goti bado linaumia, kwani kishikizo kinasikia nguvu iliyofika kwenye kiatu. Hakisikii kano iliyo ndani ya goti.

Sisi hapa Fizi hatuna theluji, tuko na mpira. Meno ya kiatu yanashika udongo, mwili unageuka, goti linabaki katikati. Na kiatu cha mpira hakina cha kuachia. Kijana wetu mmoja aligeuka uwanjani, akasikia "pa!" gotini. Mpaka leo hawezi kubeba muhogo kutoka shamba. Kwa familia iliyorudi na kuanza upya na jembe moja, hiyo ni hasara kubwa.

Basi, kinga tuitafute mwilini. Huko Norwe walijaribu mazoezi yanayoitwa FIFA 11+ kwa timu za wasichana; matokeo yalitoka 2008, majeraha yalipungua karibu theluthi. Ni dakika 20 tu: kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yamekunjwa, yasiingie ndani. Hayaombi pesa.

Tunaomba mambo matatu. Walimu wa timu, anzeni nayo kila mara, na wasichana wasiachwe, maana magoti yao huumia zaidi. Aliyeumia goti asirudi uwanjani siku ile, hata akisema amepona. Na wafadhili, mkituma viatu, viwe vya kutosha mguu, vyenye meno mafupi. Kiangazi uwanja wetu ni mgumu.

Magoti haya yalitufikisha ziwani, yakaturudisha nyumbani. Tuyachunge.