Kuutunza Mti Uliochongwa



Kila inapokaribia sikukuu, jumuiya zetu hushika ndoo na matambara. Usafi ni sehemu ya ibada, nasi hatuna neno dhidi yake. Twaomba tu kwamba mti wa kale utazamwe vema kabla ya kumwagiwa maji.

Mfano ulio karibu nasi ni milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Miongoni mwake imo ile iitwayo ya Kigujarati, yenye vibao vya mraba na inayofunguliwa kwa kukunjwa, kumbukumbu ya watu waliovuka Bahari ya Hindi. Msaji, uliotumika sana kwa kazi hiyo, ni mti mgumu. Lakini hata msaji hunywa maji. Ukinywa hutanuka kwa upana zaidi kuliko urefu, ukikauka husinyaa. Hapo viungio hulegea na nakshi hupasuka.

Msasa nao hung'arisha kwa kula ncha za nakshi. Alama ya tindo ya fundi ikifutika, hakuna awezaye kuirudisha. Soda kali ya kutengenezea sabuni huondoa rangi ya zamani, kisha huendelea kuzila nyuzi za mti. Mafuta ya nazi hupendeza siku chache, halafu hunasa vumbi. Dawa ya kung'arishia misumari ya shaba huacha ukoko mweupe katika mianya ya nakshi.

Basi tufanyeje? Kwanza tuondoe vumbi kwa brashi laini. Kisha, panapohitajika, tutumie pamba yenye unyevu mdogo wa maji safi yasiyo na chumvi, tukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, tusite, tumwite mtaalamu.

Katika mahekalu na majumba yetu liko swali gumu zaidi: masizi ya taa za samli, na alama za kumkum na manjano zilizoachwa na vidole vya waliotutangulia. Je, huo ni uchafu? Masizi yenye mafuta hunasa vumbi na kuficha nakshi. Alama zile ni ushahidi wa ibada. Jibu na litafutwe na wazee na mtaalamu wakiketi pamoja, kabla ndoo haijajazwa. Kilichoachwa leo chaweza kuondolewa kesho. Kilichoondolewa leo hakirudi.