Vyuma Viwili, Kiungo Kimoja
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kiirua)

Akina mama na akina baba, leo tunaweka kando mambo ya mchango wa mzunguko. Tuzungumze juu ya mkokoteni.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilivunjikiwa na ndoano ya mkokoteni wa ng'ombe wakipanda mlima na mapipa ya maji. Mkokoteni ulirudi nyuma, ukamkosa mtoto kidogo tu. Watu wakasema fundi ni mwizi. Tulipotazama na wenzetu wanaojua kazi hii, tuliona mshono wa kuchomelea ni mzima. Chuma kilikatika kando yake, upande wa ndoano.

Kwa nini? Fremu ilikuwa chuma laini, chenye kaboni kama 0.2 kwa mia. Ndoano ilikatwa kwenye springi ya lori, yenye kaboni karibu 0.6 kwa mia. Chuma cha namna hii kikipata moto mkali kisha kipoe haraka, pale palipoguswa na moto panakuwa pagumu kama tupa, lakini panavunjika kama glasi. Mmeona mhunzi akitia panga la moto majini liwe gumu? Hapa ni hivyo hivyo, ila hakuna aliyekusudia. Na rodi zenye unyevu huingiza haidrojeni ndani ya chuma. Ufa waweza kuja baada ya saa nyingi, hata siku kadhaa. Mnalipa leo kiungo kikionekana kizuri, keshokutwa kinakatika.

Basi mkienda kwa fundi wa jua kali, ulizeni haya:

1. Ni chuma gani? Kwenye mashine ya kusaga, chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Springi hutoa cheche nyingi zinazopasuka kama maua.

2. Utapasha springi moto kwanza? Ifike nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi. Isiwe nyekundu; ikiwa nyekundu imepita kiasi.

3. Rodi ni gani? Aina ya 7018, iliyokaushwa vizuri, inafaa kuliko rodi ya kawaida. Pakiti iliyokaa wazi kwenye ukungu wetu wa Mlima Kenya haifai mpaka ikaushwe tena kwa joto kali.

4. Itapoa vipi? Ifunikwe kwa jivu kavu, ipoe polepole. Kumwagia maji ni kuiharibu.

Hata hivyo, mahali penye kubeba uhai wa watu, afadhali bolti. Springi nyingi zina tundu katikati tayari. Kile kikundi kilifunga ndoano mpya kwa bolti, na sasa mweka hazina huzikagua kila Jumamosi.

Na yule fundi? Tulimwomba msamaha kwa lile neno la wizi. Hakuiba, hakufundishwa. Naye tumemwalika leo, ameketi pale nyuma. Muulizeni maswali.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.