Makao ya Wanyama ya Pamoja: Nani Hulipa, Nani Huwajibika?



Mada yetu ya leo ni kaunti mbili au zaidi kuendesha kwa pamoja makao ya wanyama, yaani kituo kinachopokea mbwa koko, paka waliotupwa, punda waliojeruhiwa na wanyama waliopotea, na kugawana gharama zake. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili linamhusu vipi mnunuzi wa unga na mlipaji wa bili ya maji. Linamhusu kwa sababu mbili. Fedha zinazoendesha kituo kama hicho ni zenu. Na huduma yake mtaihitaji siku ambayo mbwa asiyejulikana atamuuma mtoto wenu.

Tuanze na sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, zikiwemo leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa hiyo kaunti zote 47 zina wajibu huo. Hata hivyo, kuwa na wajibu si kuwa na uwezo. Kituo cha kuaminika kinahitaji daktari wa mifugo, wahudumu, mlinzi wa usiku, maji ya kutosha, vizimba vya kuwatenga wagonjwa na jokofu la chanjo. Sehemu kubwa ya gharama hizo haipungui wanyama wakiwa wachache: mlinzi hulipwa mshahara uleule, kituo kiwe na mbwa kumi au mia moja.

Hapo ndipo faida ya ushirika inapoonekana, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Katiba yenyewe imefungua mlango. Kifungu cha 189 kinazitaka serikali za kaunti zishirikiane katika kutekeleza majukumu yao, na kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Wala kukaa meza moja si jambo geni: kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, tayari zina jumuiya yao.

Mazingira nayo yanadai ushirika huo. Mbwa aliyelala Mtwapa, Kaunti ya Kilifi, aweza kuvuka daraja na kuamkia Shanzu, Kaunti ya Mombasa. Mipaka tuliyoichora kwenye ramani haimzuii yeye, wala haiuzuii ugonjwa anaoubeba. Wataalamu wa afya hushauri kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wachanjwe ili kuukata mnyororo wa kichaa cha mbwa. Kaunti moja ikijitahidi na jirani yake ikalala, jitihada hiyo huvuja kama maji kwenye pakacha.

Natija ya jambo hili kwa mwananchi huonekana mtu anapoumwa. La kwanza ni kuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitalini bila kuchelewa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Tiba haingoji uchunguzi wa mbwa. La pili ni kuwaarifu maafisa wa mifugo ili mbwa huyo, akipatikana, atengwe na kuchunguzwa kwa siku 10. Msijaribu kumkamata wenyewe. Akiwa mzima siku hizo zikiisha, daktari aweza kusimamisha chanjo zilizosalia. Akitoweka, mgonjwa hana budi kuzimaliza zote, na nauli pamoja na siku za kazi zilizopotea huiangukia familia.

Je, siku hizo 10 mbwa atakaa wapi? Maafisa wa upande huu wakisema mbwa ni wa ng'ambo, na wa ng'ambo wakasema mtoto aliumwa upande huu, mbwa ataendelea kuzurura wakati barua zinaandikwa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ushirika usiotaja nahodha ni hatari kuliko kukosa ushirika, maana kila mmoja hudhani mwenzake ameshika usukani.

Sasa tuje kwenye fedha. Tutumie hesabu ya mfano tu, isiyo ya kaunti yoyote. Tuseme kituo kinagharimu shilingi milioni 12 kwa mwaka: milioni 8 ni gharama za kudumu, kama mishahara na majengo, na milioni 4 ni chakula na dawa. Kaunti ya kwanza ina wakazi 900,000 na ya pili 300,000. Kati ya wanyama 2,000 waliopokewa, 1,200 walitoka kaunti ya kwanza na 800 ya pili.

Wakigawana nusu kwa nusu, kila kaunti italipa milioni 6, na mwananchi wa kaunti ndogo atambebea mzigo jirani yake. Wakigawana kwa idadi ya wakazi, kaunti kubwa italipa milioni 9 na ndogo milioni 3. Lakini kaunti isiyojali chanjo haitaona hasara ya uzembe wake. Wakigawana kwa idadi ya wanyama, itakuwa milioni 7.2 na 4.8. Njia hii yaonekana ya haki, ila ina mtego: kila mbwa anayeokotwa huongeza deni, hivyo afisa aweza kushawishika kumwacha barabarani. Njia ya nne ni kuchanganya, gharama za kudumu zifuate wakazi na chakula na dawa zifuate wanyama. Hapo kaunti kubwa italipa milioni 8.4 na ndogo milioni 3.6. Sisi twaona njia hii ina uwiano zaidi, kwa sababu mlango wa kituo hubaki wazi huku uzembe ukiwa na bei yake.

Lipi basi lililo mikononi mwenu? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulindwa afya na maslahi yake ya kiuchumi. Haki hizo zinahusu pia huduma za mashirika ya umma. Kifungu cha 210 nacho kinakataza kodi au ada ya leseni isiyo na msingi wa sheria. Mkitozwa fedha za leseni ya mbwa au za kumkomboa mnyama wenu, ulizeni kiwango hicho kimewekwa na sheria ipi, na msiondoke bila risiti.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Mkisikia kaunti yenu inakusudia kuingia katika makubaliano ya aina hii, ulizeni maswali matano. Gharama zitagawanywa kwa kanuni gani? Ni afisa yupi, wa ofisi ipi, atakayepokea taarifa ya mtu aliyeumwa, usiku na mchana? Mnyama aliyepotea atahifadhiwa siku ngapi kabla ya kupewa mtu mwingine au kuuawa? Nani atakagua hesabu, na ripoti itasomwa wapi? Na kaunti moja ikichelewesha mchango wake, wanyama watalishwa na nani?

Msipojibiwa, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kutoa uamuzi wake ndani ya siku 21, na ikikaa kimya mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ijulikanayo na wengi kama Ombudsman. Wekeni nakala ya kila barua, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.

Nasi wafugaji tuna deni letu. Mbwa aliyechanjwa, mwenye ukanda shingoni na cheti nyumbani, hupunguza msongamano vizimbani, na hurudi kwa mwenyewe upesi akipotea. Anayemtelekeza mbwa usiku kando ya barabara amewapa majirani wa kaunti mbili bili ambayo hawakuiagiza.

Kaunti zikiungana, tuziunge mkono, mradi makubaliano yao yawe ya maandishi, hesabu zake ziwe wazi, na simu ya mzazi aliyeumiwa mtoto ipokewe bila kuulizwa kwanza yuko upande gani wa daraja.