Agizo la Kuuza Pasipo Mnunuzi

Hivi karibuni nilikuwa Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha, kama ilivyo desturi ya Rungwe, na mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu mwenye shamba dogo la chai, alinikaribisha barazani kwa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Baada ya kuulizana habari za nyumbani akatoa simu yake. "Mwanangu," akasema, "wewe unayezungumza mambo ya fedha redioni, hebu nitazamie hili."

Mzee huyu ana hisa 4,000 za kampuni moja ndogo, ambayo sitaitaja, alizozinunua kwa shilingi 400 kila moja. Fedha hizo ni karo ya chuo ya mjukuu wake. Mpwa wake aliyeko Dar es Salaam, kijana aliyejifunza biashara ya hisa kwa kufuatilia masoko ya Marekani, alimshauri ampe dalali agizo la kuzuia hasara: bei ikigusa 360, uza zote. Mzee alikuwa amekwisha kuandika maelekezo, bado kuyatuma tu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mambo yakiharibika, atapoteza shilingi 160,000, basi.

Hapo nikaomba karatasi.

Agizo la namna hii halisemi "niuzie kwa 360". Linasema "360 ikionekana, niuzie kwa bei yoyote utakayoikuta". Mahali penye wanunuzi tele tofauti hiyo aghalabu ni ndogo. Kwetu sivyo. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, sehemu kubwa ya mauzo huwa ya kampuni chache, kama benki za CRDB na NMB. Watu wa Rungwe wanaijua TATEPA, iliyoshirikiana na wakulima wadogo wa chai wa huko. Iliingia sokoni Desemba 1999, na hisa zake zimewahi kupita siku nyingi mfululizo bila hata moja kuuzwa.

Nikamchorea mzee mfano. Tuseme mtu mmoja amefiwa, ana shida ya haraka, anauza hisa 50 tu kwa 360. Hizo 50 zinatosha kuliamsha agizo lako la hisa 4,000. Wanunuzi waliopo ni watatu: wa kwanza anataka 500 kwa 350, wa pili 1,000 kwa 320, wa tatu 2,500 kwa 270. Wote wanapewa. Unapata shilingi 1,170,000. Umepoteza 430,000, si 160,000, na aliyeiteremsha bei mpaka 270 ni wewe mwenyewe. Juma lijalo matanga yamekwisha, na huenda bei ikarudi 395 wewe ukiwa huna hata hisa moja.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuwa nimelifikiria. "Jani bichi la chai nikilichuma leo sharti liuzwe leo. Likilala limeharibika, ndiyo maana naikubali bei ya kiwandani. Lakini hisa haiozi. Sasa kwa nini niigeuze kuwa jani bichi?"

Na haya si ya masoko madogo peke yake. Tarehe 6 Mei 2010 wanunuzi walijitenga kwa dakika chache huko New York, na hisa za Accenture, zilizokuwa zikiuzwa karibu dola 40, zikauzwa kwa senti moja. Mauzo ya ajabu kama hayo yalifutwa baadaye. Ukaja msukosuko mwingine tarehe 24 Agosti 2015, na kuanzia Februari 2016 soko kuu la hisa la New York likaacha kupokea maagizo ya aina hii. Mwalimu wa Tukuyu asitegemee kufutiwa.

Tulimpigia mpwa simu. Hakukubali upesi, na namsifu kwa hilo. Akasema basi tuweke na kikomo, isiuzwe chini ya 350. Nikamjibu kwamba hiyo ni nafuu, ila katika mfano wetu zitauzwa 500 tu, na 3,500 zitabaki mikononi mwa mzee huku bei ikiporomoka. Akauliza: "Na kampuni ikifilisika je, Mjomba akae nazo tu?" Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini habari mbaya ikitoka, wanaotoweka kwanza ni wanunuzi, na agizo haliwezi kumwita mnunuzi aliyekwisha kimbia. Kosa, kama lipo, lilitendeka mapema zaidi, siku karo ya mtoto ilipowekwa yote katika hisa ambazo hazina wateja. Nililisema hilo kwa sauti ya chini, maana mzee ni mzee.

Mwishowe hakulituma agizo lile. Alimwagiza dalali auze hisa 2,000, kwa bei isiyopungua 385, kidogo kidogo kadiri wanunuzi watakavyojitokeza, kwa kuwa karo haidaiwi mpaka Oktoba. Juzi alinipigia simu. Zimeuzwa 600.

"Ndaga fijo," akaniambia, kisha akauliza kama huko Dar mvua imenyesha.