Kabla ya Ukuta, Maji

Viwanja vya kwenye miinuko ya Goba, Makongo Juu na Kinyerezi vinanunuliwa haraka. Dalali anamsimamisha mteja juu kabisa, upepo unavuma, bonde limetanda chini, na mkataba unaandikwa kabla mtu hajauliza ukingo ule umekaa juu ya nini. Mara nyingi umekaa juu ya mchanga.

Sehemu kubwa ya vilima vya magharibi mwa Dar es Salaam ni mchanga ulioshikwa na udongo kidogo wa mfinyanzi. Kiangazi unadanganya. Fundi anaukata wima, mita tatu, nne, nao unasimama miezi mingi bila kumwagika, kwa sababu ya ule mfinyanzi na unyevu kidogo unaozivuta chembe pamoja. Masika yakija, maji yanajaza nafasi zote na mvuto ule unapotea.

Mchanga mkavu ukiumwaga kutoka kwenye lori hutulia kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 35 hivi. Basi chukua mchanga usio na mfinyanzi, unaotulia kwa nyuzi 32. Maji yakianza kupita ndani yake kuelekea bondeni, usalama wake unashuka hadi nyuzi 17 hivi. Uzito wa kuuvuta chini uko palepale, ila msuguano kati ya chembe umepungua karibu nusu. Ndiyo maana genge lililovumilia miaka linaondoka usiku mmoja.

Na maji hayo hayashuki moja kwa moja kutoka mawinguni tu. Paa la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 50, linamwaga lita 5,000. Pasipo gata, zote zinazama kando ya msingi. Shimo la maji taka nalo tunaliweka upande wa bonde, kwa kuwa huko ndiko mabomba yanakoteremkia kwa urahisi, na hapo mteremko unanyweshwa kila siku, hata Agosti. Kisha tunapandisha tangi la maji ukingoni. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani tano.

Ninaumia ninapoona familia ikimalizia akiba yake kwenye ukuta wa kuzuia udongo usio na tundu hata moja la kutolea maji. Nyuma ya ukuta wa mita tatu, maji yakijaa hadi juu yanasukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani nne kwa kila mita ya urefu wa ukuta, mbali na msukumo wa udongo wenyewe. Kokoto nyuma ya ukuta, kitambaa cha kuchuja mchanga, bomba lenye matobo chini na matundu usoni vinagharimu sehemu ndogo ya mawe na saruji. Fundi anaviacha kwa sababu hakuna aliyemdai.

Kuna pia suala la umbali, ambalo dalali hatalitaja. Kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani zinataka msingi ukae mbali na mteremko mkali kwa angalau theluthi ya kimo chake. Mteremko ukizidi nyuzi 45, unapima kutoka kwenye mstari wa nyuzi 45 unaoanzia chini kabisa. Genge la wima la mita tisa, basi, linakula mita tisa kutoka ukingoni, ndipo uongeze tatu. Jumla 12. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 zaidi ya nusu imekwenda, na bei ulilipa kamili. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka umbali wa mita 60 kutoka mtoni, na ni vizuri, lakini kuna ukingo mkali usio na mto chini yake. Maoni yangu ni kwamba kibali cha ujenzi mlimani kisitolewe bila mchoro wa mteremko na vipimo vya udongo. Mhandisi atafute hasa tabaka la mfinyanzi lililo chini ya mchanga, maana maji husimama juu yake na mchanga huteleza hapo.

Wachimba mchanga nao wakikata mguu wa mteremko kule mtoni, nyumba ya juu inapoteza kilichokuwa kinaishikilia, hata kama mwenyewe amefanya yote sawasawa. Hilo mtaa mzima ulipinge pamoja.

Wewe uliyekwisha kujenga, anza na gata wiki hii. Shusha maji kwa bomba hadi chini kabisa, yatokee juu ya mawe, yasielekee kwa jirani. Kagua ukingo kila baada ya mvua kubwa. Ukiona ufa unaokwenda sambamba nao, hata wa upana wa kidole, uzibe kwa udongo maji yasiingie, hamisha watoto kutoka vyumba vya upande wa bonde, na mwite mhandisi kabla hujamwita fundi.